Ganzi Baada ya Upasuaji wa Figo: Kuna Njia Ngapi, na Ipi Inatufaa?



Katika vikao vya robo mwaka iliyopita tuliulizwa swali moja karibu kila usharika tulikopita: kwa nini ombi la idara ya afya lina kifungu cha "ganzi ya mishipa ya fahamu", wakati wodi ya watoto bado inahitaji vitanda? Mzee mmoja wa kanisa alituuliza waziwazi kama maumivu baada ya upasuaji si jambo la kawaida ambalo kila mgonjwa hulivumilia na kulisahau. Swali hilo ni la haki, kwa sababu fedha tunazoziomba ni sadaka za watu. Katika makala hii tunajaribu kulijibu kwa mfano mmoja tu, upasuaji wa figo, kwa kuwa hapo ndipo tofauti kati ya njia mbalimbali za ganzi inapoonekana vizuri. Mwishoni tunaeleza kwa nini tumelibadili ombi letu wenyewe.

Kwa nini upasuaji wa figo unauma sana

Figo ziko nyuma ya tumbo, zimefunikwa kwa sehemu na mbavu za mwisho. Daktari anayetaka kutoa jiwe kubwa, uvimbe au figo iliyoharibika kwa upasuaji wa wazi hupasua ubavuni. Hukata tabaka tatu za misuli, na mara nyingine huondoa kipande cha ubavu wa 11 au wa 12. Hapo ni mahali panaposogea kila mara mtu anapovuta pumzi, anapokohoa na anapogeuka kitandani. Hospitali kubwa zina vifaa vya kufanya kazi hiyo kupitia matundu madogo, na maumivu yake huwa kidogo zaidi. Lakini katika hospitali nyingi za kanisa upasuaji wa wazi ungali ndio uliopo.

Madhara ya maumivu hayo hayaishii kwenye machozi. Mgonjwa anayeogopa kuvuta pumzi hadi mwisho hubaki na makohozi mapafuni, na hapo nimonia hupata nafasi. Asiyeshuka kitandani huweza kupata damu iliyoganda miguuni, ambayo ikipanda kwenye mapafu inaweza kumwua. Aidha, mgonjwa aliyepata maumivu makali siku za kwanza yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubaki na maumivu sugu ya kidonda kwa miezi mingi. Kwa mkulima anayeinama shambani hilo ni suala la riziki.

Kuna sababu ya pili inayowahusu wagonjwa wa figo peke yao. Dawa tulizozizoea haziwafai vizuri. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mtu aliyebaki na figo moja, au mwenye figo dhaifu, hapaswi kujaribiwa nazo. Mofini ni dawa nzuri, lakini mabaki yake hutolewa mwilini na figo. Figo zikishindwa, mabaki hayo hujikusanya, mgonjwa akasinzia mno na kupumua polepole kupita kiasi. Pethidini nayo huacha mabaki yanayoweza kuleta degedege. Parasetamo ni salama kwa kipimo chake, ila peke yake haitoshi kwa kidonda cha ubavuni. Ndiyo maana wataalamu wa usingizi hutafuta njia ya kuzuia maumivu palepale yanapoanzia, bila kuujaza mwili mzima dawa.

Ganzi inavyofanya kazi

Washarika wengi wanaijua ganzi kwa daktari wa meno. Dawa yake maarufu, lignokaini, ilitengenezwa nchini Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren. Bupivakaini, ambayo hudumu muda mrefu zaidi, ilitengenezwa hukohuko mwaka 1957. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa hizi huzuia chembe za sodiamu kuingia ndani ya mshipa wa fahamu, na bila sodiamu kuingia ujumbe wa maumivu hauwezi kusafiri kwenda kwenye ubongo. Dawa ikiisha nguvu, mshipa hurudia kazi yake kama kawaida.

Mishipa ya fahamu inayohudumia ubavu hutoka kwenye uti wa mgongo, hupita kati ya mbavu za chini, kisha huzunguka katikati ya tabaka za misuli mpaka mbele ya tumbo. Wanakamati waliosimamia miradi ya maji wataelewa haraka. Ukitaka maji yasifike nyumbani, unaweza kuyafunga kwenye tangi, kwenye bomba linaloingia mtaani, kwenye bomba la nyumba, au kwenye koki yenyewe. Ukifunga karibu na tangi, eneo kubwa zaidi hukosa maji, na kosa lako nalo huumiza watu wengi zaidi. Njia za ganzi zinatofautiana hivyohivyo.

Njia moja baada ya nyingine

Ya kwanza ni epidura. Mtaalamu huingiza mpira mwembamba mgongoni, nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo, na dawa huendelea kuingizwa kwa siku mbili au tatu. Kwa kutuliza maumivu ya upasuaji mkubwa, hii imekuwa kipimo ambacho njia nyingine hulinganishwa nacho kwa miaka mingi. Lakini inafunga pande zote mbili za mwili. Presha huweza kushuka, mkojo ukazuilika, miguu ikalegea. Presha kushuka ni jambo baya hasa kwa figo iliyobaki, kwa sababu figo huhitaji damu ya kutosha ili ifanye kazi. Mgonjwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au ambaye damu yake haigandi vizuri, anaweza kuvujia damu ndani ya mgongo na kupooza. Tukio hilo ni nadra, ila ni kubwa. Epidura inahitaji muuguzi wa kumpima mgonjwa mara kwa mara, usiku na mchana.

Ya pili ni sindano ya mgongo yenye mofini kidogo sana. Ni sindano moja tu, na nafuu yake inaweza kufika saa 24. Haihitaji mashine. Hata hivyo mgonjwa huweza kuwashwa mwili na kutapika, na kuna hatari ya kupumua polepole saa nyingi baada ya sindano, wakati kila mtu anadhani mambo yamekwisha. Kwa hiyo lazima aangaliwe kwa siku nzima. Tena mofini yake lazima iwe ile isiyochanganywa na kihifadhi.

Ya tatu ni ganzi ya kando ya uti wa mgongo. Dawa huwekwa mahali mshipa unapotoka kati ya mifupa, upande uliopasuliwa tu. Njia hii ilianza Ujerumani mwaka 1905, ikasahaulika kwa muda, kisha ikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hutuliza vizuri sana, na kwa kuwa ni upande mmoja presha haishuki sana kama kwenye epidura. Tatizo ni kwamba utando wa pafu uko karibu mno. Sindano ikipita kidogo, hewa inaweza kujaa kifuani. Inahitaji mkono uliozoea.

Ya nne ni ganzi ya chini ya misuli mirefu ya mgongo, ambayo madaktari huiita ESP. Ilitangazwa na madaktari wa Kanada mwaka 2016. Sindano hushushwa mpaka iguse mfupa wa pembeni wa pingili ya mgongo, na dawa humiminwa kati ya mfupa na misuli. Mfupa huo huwa kama ngao: mtaalamu anauona vizuri kwa altrasaundi, na sindano huwa mbali zaidi na pafu na uti wa mgongo. Ni rahisi kujifunza. Udhaifu wake ni kwamba dawa haisambai sawasawa kwa kila mtu, hivyo mgonjwa mmoja hupata nafuu kubwa na mwingine nafuu ya wastani.

Ya tano ni ganzi ya msuli wa kiuno, inayoitwa QL, iliyoelezwa na daktari Rafael Blanco mwaka 2007. Dawa huwekwa pembeni, mbele au nyuma ya msuli ulio jirani kabisa na figo. Hufunika eneo pana la tumbo na kiuno. Ila ni sindano ya kina kirefu, iko karibu na figo na mishipa mikubwa ya damu, na wakati mwingine hulegeza mguu kwa saa kadhaa.

Ya sita ni ganzi ya tabaka za ukuta wa tumbo, inayoitwa TAP, iliyoelezwa na daktari A. N. Rafi mwaka 2001. Hufaa kwa kidonda kilicho mbele na chini ya tumbo. Kwa mfano, anayepandikizwa figo huwekewa figo mpya chini ya tumbo, karibu na nyonga, si mahali pa figo ya zamani. Kidonda chake kinaweza kufikiwa na ganzi hii. Kwa kidonda cha ubavuni juu haitoshi, na haiondoi maumivu ya ndani ya viungo vyenyewe.

Ya mwisho ni ya zamani na ya bei ndogo kuliko zote: daktari mpasuaji mwenyewe kudunga ganzi kwenye kingo za kidonda kabla ya kukifunga. Haihitaji mashine wala mtaalamu wa pekee. Hudumu kwa saa chache tu, lakini saa hizo ndizo mgonjwa anapoamka.

Tafiti zinaonyesha nini

Njia hizi zimelinganishwa katika hospitali za nchi nyingi, kwa wagonjwa waliotolewa mawe, walioondolewa figo na waliojitolea figo kwa ndugu zao. Tukizikusanya kwa lugha nyepesi, tunaona mambo matatu.

Kwanza, kuwa na ganzi ya mishipa ya fahamu ni bora kuliko kutokuwa nayo. Wagonjwa waliopata ESP au QL kwa kawaida huhitaji mofini kidogo zaidi siku ya kwanza kuliko wale wasiopata. Pili, epidura inatuliza kwa nguvu na kwa muda mrefu, lakini ganzi ya kando ya uti wa mgongo huikaribia sana kwa upasuaji wa upande mmoja, ikiwa na matatizo machache ya presha na mkojo. Tatu, kati ya ESP na QL tofauti ni ndogo, ndogo kuliko tofauti kati ya mtaalamu aliyezoea na asiyezoea. QL mara nyingi huishinda TAP kwa muda wa nafuu.

Ni vema pia ikumbukwe kwamba sindano moja ya ganzi hizi kwa bupivakaini hudumu kwa saa kadhaa, mara nyingi kati ya 8 na 12. Maumivu ya kidonda cha ubavuni hudumu siku nyingi zaidi. Kwa hiyo parasetamo kwa saa zake, na mofini kwa kipimo kinacholingana na hali ya figo, bado zinahitajika.

Habari ya usalama

Ganzi ni sumu ikizidi au ikiingia kwenye mshipa wa damu. Mgonjwa huanza kuhisi ladha ya chuma mdomoni na midomo kufa ganzi, masikio huvuma, kisha huweza kupata degedege na moyo kusimama. Kwa bupivakaini kipimo cha tahadhari kinachotumika sana ni miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 asizidishiwe miligramu 120. Dawa ya nguvu ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 katika kila mililita, kwa hiyo mwisho wake ni mililita 48, ikihesabiwa pamoja na ile aliyodungwa na daktari mpasuaji kwenye kidonda. Hospitali inayotoa ganzi hizi inapaswa kuwa na mafuta maalumu ya kuingiza mshipani, ya asilimia 20, kwa ajili ya kumwokoa aliyepatwa na sumu hiyo. Chupa hiyo inaweza kukaa kabatini mwaka mzima bila kuguswa. Tunaomba wanakamati wasiione kuwa ni fedha iliyopotea.

Kilichotufanya tubadili ombi

Andiko letu la kwanza liliomba mashine mpya ya altrasaundi kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Tuliona ndiyo njia ya haraka. Kabla ya kulipeleka kwa wafadhili tulitembelea hospitali moja ambayo tayari ilikuwa na mashine ya namna hiyo na mtaalamu wa kuitumia. Tulimkuta mzee mmoja mkulima, siku ya pili baada ya kuondolewa figo. Alipewa ESP vizuri kabisa. Alitueleza kwamba alipoamka alishangaa kuona haumwi, akanywa uji, akaongea na mkewe.

Saa nane usiku ganzi iliisha. Hapakuwa na maandishi yoyote kwenye faili kuhusu lini ingeisha na apewe nini baada yake. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Mzee hakuita. Alituambia, "Sikutaka kumsumbua yule binti, alikuwa anakimbia huku na huku." Alilala akikunja meno mpaka asubuhi, akikataa kugeuka wala kukohoa. Tulipofika alikuwa ameanza homa, na daktari alikuwa akilisikiliza pafu lake. Tunamshukuru Mungu alipona, lakini alikaa wodini muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na gharama za siku hizo ziliiangukia familia yake.

Ganzi ilikuwa imefanya kazi yake yote. Kilichokosekana ni mpango na mtu wa kuupokea usiku. Tuliporudi ofisini tulikubaliana kwamba kama tungeleta mashine peke yake, tungefika palepale.

Tena tuligundua jambo ambalo tulipaswa kuliuliza mapema. Mashine ya altrasaundi ya wajawazito iliyopo kwenye hospitali yetu inaweza kutumika. Kichwa chake kilichopinda, kile kinachopitishwa tumboni, huona vizuri sehemu za kina kama mgongo wa chini. Kwa sehemu za juu ya ngozi huhitajika kichwa kilichonyooka, na hicho huweza kununuliwa na kuunganishwa bila kununua mashine nzima, mradi kilingane na aina ya mashine.

Kwa hiyo ombi jipya lina mambo manne. Kwanza, kichwa kimoja cha kuongezea kwenye mashine iliyopo. Pili, mafunzo kwa wauguzi wawili wa usingizi, ambao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hii katika hospitali zetu, wajifunze njia mbili tu na kuzizoea: ESP kwa kidonda cha ubavuni, na TAP kwa kidonda cha chini ya tumbo. Tatu, bupivakaini ya kutosha pamoja na yale mafuta ya dharura. Nne, na hili ndilo kubwa kifedha, posho ya muuguzi wa pili wa usiku kwa siku za upasuaji, pamoja na chati ya maumivu kwenye kila kitanda. Daktari kudunga ganzi kwenye kidonda kutaanza mara moja kwa kila mgonjwa wa upasuaji, kwa kuwa hakuhitaji kusubiri fedha.

Epidura na mofini ya mgongoni tumeziacha mpaka pawepo kitanda cha uangalizi wa saa 24. Ganzi ya kando ya uti wa mgongo na QL tunaziachia hospitali za rufaa zenye wataalamu wengi. Hatukuziacha kwa kuwa ni mbaya. Njia iliyo bora kwenye karatasi inaweza kuwa ya hatari mahali ambapo hakuna mtu wa kuangalia presha saa tisa usiku.

Sharika zinaweza kufanya nini

Tunaomba kila kamati ilijadili ombi hili katika kikao kijacho, na ituletee maoni kwa maandishi hata kama ni ya kupinga. Zaidi ya fedha, kuna mambo ambayo wazee wa kanisa, wainjilisti na vikundi vya kutembelea wagonjwa wanaweza kuyafanya tangu sasa:

- Waelezeni wagonjwa kwamba kusema "ninaumwa" ni kumsaidia muuguzi, wala si utovu wa imani. Chati inatumia mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote. Hata mzee asiyependa kulalamika anaweza kuonyesha vidole.
- Wakumbusheni ndugu wanaouguza waulize mambo mawili kabla ya usiku kuingia: ganzi itaisha saa ngapi, na dawa gani itafuata.
- Waonyeni watu wasiwanunulie wagonjwa wa figo diklofenaki dukani bila daktari kujua.
- Msiwatishe watu kwamba kila sindano ya mgongoni hupoozesha. Waelekezeni wamwulize mtaalamu wa usingizi ni njia gani watapewa na hatari yake ni ipi.

Tangu Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, wapo pia ndugu wanaojitolea figo zao kwa hiari. Mtu wa namna hiyo huingia thieta akiwa mzima na hutoka na kidonda kwa ajili ya mwenzake. Siku moja atarudi kupona katika sharika zetu. Kumpunguzia maumivu ni deni.

Kwa ndugu wafadhili, tunajua ni rahisi kupiga picha ya mashine mpya kuliko picha ya muuguzi wa zamu ya usiku. Tunawaomba mtusaidie hata hivyo. Yule Msamaria katika Injili ya Luka hakuishia kwenye kumimina mafuta na divai. Alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi akaacha fedha ili aendelee kutunzwa yeye akiwa hayupo. Ombi letu la sasa linafanana na sehemu hiyo ya pili. Taarifa ya matumizi, pamoja na hesabu ya wagonjwa waliopata ganzi na alama za maumivu yao usiku wa kwanza, tutaileta katika jarida hili baada ya kila robo mwaka.